Kabla ya Kuandika "Afasia": Kutathmini Lugha kwa Mgonjwa Mtu Mzima

Mgonjwa ameambiwa "nionyeshe kalamu" akaonyesha kikombe. Kosa hilo lina sababu nyingi. Huenda hakusikia. Huenda kalamu iliwekwa upande ambao macho yake hayafiki. Huenda alikuwa anasinzia, au bado analijibu swali lililotangulia. Huenda anaijua kalamu lakini mkono haumtii akiamriwa. Au kweli neno "kalamu" limemfikia kama sauti tupu isiyo na maana. Karatasi ya alama huandika sifuri ileile kwa hali zote hizo. Kwangu mimi, kutathmini lugha ni kuzifunga njia hizo nyingine moja baada ya nyingine mpaka ibaki ile ya lugha, yaani afasia (lugha kuharibika kwa ugonjwa au jeraha la ubongo), kisha kuonyesha ni sehemu gani ya lugha iliyovunjika. Alama huja baadaye.

Nawaandikia wauguzi, matabibu na wataalamu wa tiba ya usemi wanaokutana na wagonjwa wa kiharusi, majeraha ya kichwa, uvimbe wa ubongo na demenshia, hasa wale wanaopima kwa Kiswahili kwa kutumia vipimo vilivyotungwa kwa Kiingereza.

Jambo moja halisubiri. Mtu aliyepoteza lugha ghafla ni mgonjwa wa dharura, hata kama mikono na miguu yake ina nguvu. Pima sukari ya damu papo hapo, kwa kuwa sukari ikishuka sana inaweza kuvuruga usemi ikaonekana kama kiharusi. Uliza saa aliyoonekana mzima kwa mara ya mwisho, na picha ya ubongo ifanywe haraka: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze. Katika hali hiyo tathmini ya lugha ni ya dakika mbili: azungumze kidogo, ataje vitu vitatu, arudie sentensi moja, atii amri mbili. Mengine yatafanywa kesho.

Kabla ya swali la kwanza

Anza na uangalifu. Mtu asiyeweza kubaki macho kwa dakika kumi hapimwi lugha. Njia rahisi ni kumsomea mfululizo wa herufi polepole, naye agonge meza kila asikiapo "A". Kazi hiyo inahitaji lugha kidogo sana, na huonyesha upesi kama akili inatoroka. Mgonjwa mwenye deliriamu, yaani kuchanganyikiwa kwa ghafla, hupanda na kushuka: asubuhi anajibu vizuri, jioni hajui alipo, macho yanazungukazunguka chumbani. Mwenye afasia kwa kawaida hukutazama usoni, hufuata ishara za mikono, na huonekana anahangaika kukuelewa au kueleweka. Tahadhari hapa: kuandika ovyo si ushahidi wa afasia, kwa sababu maandishi huharibika mapema kwenye deliriamu pia. Na lugha inayopotea kisha ikarudi baada ya dakika chache, tena na tena, ikufanye ufikirie kifafa.

Sikio: sugua vidole karibu na kila sikio, naye ainue mkono anaposikia. Kama ana kifaa cha kusikia, kivaliwe na kihakikishwe kina betri hai. Miwani iwe usoni, meno ya bandia yawe mdomoni. Jicho: jeraha la upande wa kushoto wa ubongo mara nyingi hukata nusu ya kulia ya uwanja wa kuona, kwa macho yote mawili. Ukipanga picha nne kwa safu ya mlalo mbele ya mgonjwa wa namna hiyo, umemnyima picha mbili. Zipange kwa safu ya wima, moja chini ya nyingine, zikisogea kidogo kushoto kwake. Badiliko hilo peke yake linaweza kuongeza alama za "uelewa" bila uelewa wenyewe kubadilika.

Kisha familia iulizwe, mgonjwa akiwa hayupo kama inawezekana. Alitumia mkono gani? Lugha hukaa upande wa kushoto wa ubongo kwa takriban asilimia 95 ya watu wa mkono wa kulia, na takriban asilimia 70 ya wa mkono wa kushoto. Alisoma hadi wapi, na je, alikuwa akisoma na kuandika kwa kawaida kabla ya kuugua? Alizungumza lugha zipi, alijifunza kila moja akiwa na umri gani, alitumia ipi na nani? Alikuwa na kigugumizi? Alikuwa msemaji au mkimya? Bila majibu haya utampa mtu ugonjwa wa kusoma ilhali hakuwahi kufundishwa kusoma.

Salamu hazipimi chochote

Salamu za Kiswahili ni mnyororo ambao ulimi huufuata wenyewe. "Shikamoo" huvuta "marahaba", "habari za asubuhi" huvuta "nzuri", na mtu mwenye afasia kali sana anaweza kupitia salamu tano mfululizo bila kosa. Daktari wa zamu huandika "anaongea vizuri" akaondoka. Usemi wa mazoea, yaani salamu, kuhesabu moja hadi kumi, siku za juma, dua, wimbo, hata matusi, mara nyingi hubaki pale ambapo lugha ya kutunga imebomoka. Msalimie mgonjwa kwa heshima yake, kisha uulize jambo lisilo na jibu la mazoea: "Mzee, niambie, ilikuwaje ukaletwa hapa?" Baada ya hapo nyamaza. Hesabu moyoni hadi kumi kabla ya kusema neno jingine. Ukimya huo ni mgumu kwa mtathmini kuliko kwa mgonjwa, na anayemalizia sentensi za mgonjwa wake anajipima mwenyewe.

Usemi wa kutunga

Sehemu hii ningeipa muda mwingi kuliko zote. Chukua sampuli mbili, kila moja ya dakika mbili hadi tatu: maelezo ya picha yenye matukio mengi, na maelezo ya jinsi ya kufanya kazi anayoijua. Rekodi sauti kwa ruhusa yake, kisha ziandike neno kwa neno, makosa yote yakiwemo. Kumbukumbu ya mtathmini husafisha makosa bila yeye kujua, na kinasa sauti hakifanyi hivyo.

Jambo la kwanza la kusikiliza ni mtiririko: urefu wa kifungu anachokitoa bila kukwama, kasi, kiimbo, na nguvu anayotumia. Vitabu vya Kiingereza husema kwamba vifungu visivyofika maneno manne au matano, na kasi iliyo chini ya maneno 50 kwa dakika, ni dalili ya usemi usiotiririka. Ukivihamisha vigezo hivyo kwenye Kiswahili vilivyo, utakosea. "Hawakunipelekea" ni neno moja, nalo limebeba ukanushi, mtenda, wakati, mtendewa na kitenzi chenye kauli ya kutendea. Mgonjwa anayetoa maneno mawili ya namna hiyo kwa pumzi moja ametoa sentensi kamili ya kisarufi. Hesabu silabi kwa dakika, na kwa sarufi hesabu viambishi: je, kitenzi kina kiambishi cha mtenda kilicho sahihi, alama ya wakati, na kirejeshi kinapohitajika?

Vilevile usitegemee kusikia maneno yaliyovuliwa viambishi kama ilivyo kwa mgonjwa wa Kiingereza anayeacha viishio. Mzizi wa kitenzi cha Kiswahili hauwezi kusimama peke yake, kwa hiyo anayepoteza sarufi mara nyingi hubadilisha umbo badala ya kuliacha: hukimbilia "kwenda" au "nenda" pale panapotakiwa "walikwenda", hutumia wakati mmoja kwa kila tukio, huepuka virejeshi na kauli ya kutendwa. Upatanisho wa ngeli nao usikilizwe, lakini kwa haki. Watu wengi waliojifunza Kiswahili kama lugha ya pili husema "kitabu yangu" maisha yao yote. Ndiyo maana unamuuliza ndugu yake: alikuwa akisema hivi kabla?

Jambo la pili ni habari. Kuna wanaotiririka maneno mengi mno bila kusema kitu: "kile, unajua, kile cha pale, wakakifanya hivyo." Mwaka 1993 watafiti Nicholas na Brookshire walitoa njia ya kuhesabu vitengo vya habari sahihi: kila neno lililo sahihi, linaloeleweka, na linalohusu picha au mada iliyoulizwa huhesabiwa, mengine yote hayahesabiwi. Gawanya kwa maneno yote upate asilimia, na kwa dakika upate kasi ya habari. Kwa Kiswahili amua mapema kama utahesabu maneno au viini vya habari, uandike kanuni yako, na usiibadilishe kati ya tathmini ya kwanza na ya pili.

Uelewa, na hesabu ya kubahatisha

Hapa ndipo makosa makubwa zaidi hufanyika, na karibu yote ni ya kumdhania mgonjwa anaelewa kuliko anavyoelewa. Amri ya "fumba macho" hupendwa sana wodini. Ni kipimo dhaifu. Amri za macho, shingo na mwili mzima (fumba macho, simama, geuka) huweza kutiiwa hata na mtu ambaye hawezi kabisa kuonyesha kitu kinachotajwa, na zaidi ya hapo watathmini wengi hufumba macho yao wenyewe wanapoitoa. Sema ukiwa na mikono mapajani, uso umetulia, macho yasitazame kitu unachokitaja.

Upande wa pili wa kosa ni apraksia ya viungo: anaelewa "piga saluti" lakini hawezi kuipanga. Kwa hiyo pima uelewa kwa kuonyesha kidole, si kwa matendo ya ustadi. Asiyeweza hata kuonyesha, mfuate macho yake.

Maswali ya ndiyo na hapana yana hesabu yake. Anayebahatisha tu kati ya maswali 10 hupata 7 au zaidi kwa nafasi ya asilimia 17 hivi, na 8 au zaidi kwa nafasi ya asilimia 5.5. Hivyo 7 kati ya 10 haikuambii chochote, na bado nimeona majalada ambamo alama kama hiyo imeandikwa "uelewa wa wastani". Uliza maswali 20: kufikia 15 kwa bahati ni nafasi ya asilimia 2 hivi. Bora zaidi, uyapange kwa jozi, "Je, taa imewashwa?" na baadaye "Je, taa imezimwa?", na jozi ihesabiwe pale tu yote mawili yanapokuwa sahihi. Anayesema "ndiyo" kwa kila kitu, na ni wengi, atapata sifuri ya jozi badala ya nusu ya alama. Changanya maswali ya nafsi yake, ya chumba na ya jumla ("Je, mawe huelea majini?"). Epuka maswali ya kukanusha. Ukimuuliza "Hujalala?" akajibu "ndiyo", anaweza kuwa anathibitisha kwamba hajalala, na wewe utamwekea kosa asilokuwa nalo. Kabla ya yote hakikisha ishara zake za ndiyo na hapana zinaaminika. Wapo wanaosema "hapana" huku wakitikisa kichwa cha kukubali. Kadi mbili zenye alama, moja ya tiki na moja ya mkasi (X), zinasaidia.

Kwa neno moja moja, tumia picha nne: moja ni lengo, ya pili ina uhusiano wa maana, ya tatu inafanana kwa sauti, ya nne haihusiani. Kwa "kuku" weka bata, kuni, na meza. Aina ya kosa ndiyo itakayokuambia kilichoharibika. Akichagua kuni, sauti zenyewe hazipambanuliwi. Akichagua bata, sauti zimefika lakini maana imefifia. Akichagua ovyo, rudi kwenye uangalifu na macho.

Sentensi zinataka ujanja zaidi. "Mvulana anakula embe" haipimi sarufi, maana embe haliwezi kumla mvulana. Tumia sentensi zinazogeuzika: "Mwanamume anamsukuma mwanamke", kisha "Mwanamume anasukumwa na mwanamke", zote mbili zikiwa na picha mbili za kuchagua. Tofauti ya sauti kati ya "anamsukuma" na "anasukumwa" ni ndogo, nayo hukamata upotevu wa sarufi ambao mazungumzo ya kawaida huuficha kabisa, kwa sababu katika mazungumzo mtu mwerevu hukisia kwa muktadha.

Kwa upungufu mdogo wa uelewa, kipimo cha Token cha De Renzi na Vignolo, cha mwaka 1962, bado kina makali. Mgonjwa huamriwa kugusa vipande 20: maumbo mawili, ukubwa wa aina mbili, rangi tano. Toleo fupi la mwaka 1978 lina amri 36, zikianza na kugusa kipande chochote cha umbo fulani na kuishia na amri ngumu za namna ya "gusa vipande vyote vya mraba polepole na vya mviringo haraka". Tatizo la kukifanya kwa Kiswahili ni upatanisho. Ukiyaita maumbo "duara" na "mraba", basi "jekundu" tayari linatangaza duara na "mwekundu" linatangaza mraba. Mgonjwa anapewa habari ileile mara mbili, jambo ambalo kipimo kilikusudia kulizuia. Tumia "mviringo" na "mraba", vyote vya ngeli moja, na kivumishi hakitavujisha kitu. Viwango vya Kiingereza au Kiitaliano usivichukue kama vilivyo. Elimu pekee huvisogeza sana.

Kurudia

Kurudia ndiko kunakotenganisha aina za afasia zinazofanana kwa kila kitu kingine. Panda ngazi kwa silabi, si kwa maneno: "soma", "somesha", "walisoma", "walisomeshwa", halafu sentensi za silabi 8, 12, 16, 20. Tia pia maneno yasiyo na maana yanayofuata mpangilio wa sauti za Kiswahili, kama "teludo" au "ndimoko". Anayerudia maneno halisi lakini akaanguka kwenye yasiyo na maana anaegemea kamusi ya kichwani, kwa kuwa njia ya moja kwa moja kutoka sikioni hadi mdomoni imeharibika.

Msikilize anavyokosea. Mwenye afasia ya upitishaji, yaani anayeelewa na kutiririka lakini kurudia kumeharibika, hulikaribia neno kwa kujisahihisha mara kwa mara ("kipa... kitapu... kitabu"), anajua kwamba amekosa, na sentensi ndefu huirudisha maana yake kwa maneno mengine. Mwenye apraksia ya usemi, ambaye ubongo wake hushindwa kuipanga mijongeo ya kutamka, hupapasa kwa midomo, kosa lake hubadilika kila mara, na neno likirefuka hali huwa mbaya zaidi. Mwambie aseme "pa-pa-pa", kisha "pa-ta-ka" haraka kwa sekunde tano: la kwanza huenda likatoka vizuri, la pili likavurugika. Mwenye disathria huharibu yote kwa namna ileile moja, kwa sababu tatizo lake ni misuli. Yeye akipewa karatasi, au ubao wa herufi kama mkono hauna nguvu, huandika sentensi sahihi. Disathria tupu si upungufu wa lugha, na kuichanganya na afasia kunamfanya mtu mwenye akili timamu na lugha kamili azungumziwe mbele yake kana kwamba hayupo.

Kutaja majina

Karibu kila mwenye afasia hukwama hapa, kwa hiyo kukwama kwenyewe hakutofautishi aina. Tumia vitu halisi kwanza, halafu picha, maana wapo wasiozoea michoro ya mistari. Anza na vitu vya kila siku, uende kwenye sehemu zake: shati ni rahisi, ukosi na kifungo ni vigumu, saa ni rahisi, mshale wake ni mgumu. Tia vitenzi pia ("Anafanya nini?"), kwa kuwa wapo wanaopoteza vitenzi wakabaki na nomino, na kinyume chake.

Subiri sekunde 20. Kisha toa kidokezo cha maana, na kikishindikana toa kidokezo cha sauti. Andika kila kidokezo kilichofanya kazi, kwa kuwa hicho ndicho matibabu yatakachoanzia. Kwa Kiswahili kidokezo cha sauti kina mtego wake. Ukimpa "ki..." kwa kijiko, umempa kiambishi cha ngeli tu, na hicho kinafungua mamia ya nomino. Mpe silabi mbili, "kiji...". Vivyo hivyo kwa maneno ya "m" na "u". Kwa "ndizi" au "sufuria", silabi ya kwanza inatosha.

Andika jibu lenyewe, si alama ya mkasi. "Uma" kwa kijiko ni kosa la maana. "Kichiko" ni kosa la sauti. "Mefuli" ni neno lisilokuwepo. "Kile cha kukorogea" ni kuzunguka neno, na kunaonyesha kwamba kitu anakijua. Akisema "kisu" kwa picha ya kalamu, huenda macho ndiyo yamemdanganya: mpe kalamu mkononi aishike, na akiitaja mara moja, tatizo halikuwa lugha. Jibu la swali lililopita likijirudia, pumzika kidogo, badilisha kazi, kisha urudi.

Kutaja wanyama kwa dakika moja ni kipimo chepesi kinachofaa kila lugha. Wahesabu kwa robo za dakika, uone kama alianza vizuri akakauka au hakuwahi kuanza. Kutaja maneno yanayoanza na herufi fulani hakufai kuhamishwa bila kanuni mpya. Kila kitenzi cha Kiswahili katika hali ya kutajwa huanza na "ku" au "kw", kwa hiyo herufi K haimalizi maneno. Zuia vitenzi, zuia wingi na udogo wa neno lilelile, au achana nacho kwa mtu ambaye hakusoma.

Kusoma na kuandika

Kwa aliyekuwa akisoma: neno kwa picha, sentensi fupi yenye amri, aya moja yenye maswali. Kusoma kwa sauti na kuelewa ni vitu viwili, na Kiswahili huvitenganisha sana kwa sababu kinaandikwa kinavyotamkwa. Mtu anaweza kuisoma aya nzima kwa sauti safi pasipo kuelewa neno. Hilo lina uzito katika afasia endelevu ya msingi, yaani lugha inayopotea polepole kwa ubongo kuchakaa, ambayo vigezo vyake vya mwaka 2011 huigawa aina tatu. Moja ya dalili za aina ya upotevu wa maana ni kusoma vibaya maneno yasiyofuata kanuni za tahajia. Kiswahili karibu hakina maneno hayo, kwa hiyo kusoma vizuri hakumwondoi mgonjwa katika aina hiyo. Mpime kwa maana ya neno moja moja: "Twiga ni nini?" Anayeuliza "twiga ndiyo kitu gani?" huku sentensi zake zikitiririka bila kosa la sarufi amekupa dalili nzito.

Kuandika: jina lake halihesabiwi, maana saini ni mazoea ya mkono. Muulize imla ya maneno matano na sentensi moja ya kutunga. Kama mkono wa kulia umepooza, atumie wa kushoto. Mwandiko mbaya usamehewe, tahajia ndiyo itazamwe. Na yupo mgonjwa wa nadra anayeandika vizuri kisha akashindwa kusoma alichokiandika dakika moja iliyopita, hali aliyoieleza daktari Dejerine mwaka 1892. Mpe imla, ondoa karatasi, zungumza naye kidogo, kisha umrudishie asome.

Lugha zaidi ya moja

Mtu wa lugha mbili apimwe kwa zote mbili, kila moja siku yake, na ikiwezekana na mtu anayeizungumza kama yake. Michel Paradis alitunga kipimo cha afasia kwa wenye lugha nyingi, kilichotoka mwaka 1987, na faida yake kubwa ni kwamba matoleo yake ya lugha mbalimbali yalitungwa ili yalingane kwa ugumu. Kutafsiri tu hakuleti ulinganifu huo. Wagonjwa wengi hupata nafuu kwa lugha zote sambamba. Wapo wanaopata moja kabla ya nyingine, na si lazima iwe ya utotoni. Kuchanganya lugha kusihesabiwe kosa kwa mtu aliyekuwa akichanganya maisha yake yote. Ni dalili pale anapomjibu asiyeijua lugha fulani kwa lugha hiyo na asitambue.

Mkalimani afundishwe kabla: atafsiri makosa yalivyo. Ndugu wa mgonjwa huyarekebisha kwa mapenzi, na kila rekebisho lake ni dalili iliyopotea.

Alama na ripoti

Western Aphasia Battery, kipimo cha Kertesz, kina kielezo cha jumla chenye upeo wa 100: usemi wa kutunga alama 20, uelewa 10, kurudia 10, kutaja 10, jumla ikizidishwa kwa 2. Mpaka wa kawaida ni 93.8. Mpaka huo si mlango wa uzima. Mwalimu au wakili mwenye 95 anaweza kushindwa kabisa kuendesha kikao, na akilalamika aaminiwe, apimwe kwa kusimulia na kufupisha habari ndefu.

Jina la aina ya afasia lina nafasi yake. Usemi usiotiririka na uelewa ulio afadhali huitwa afasia ya Broca. Unaotiririka na uelewa mbovu, ya Wernicke. Na huyu wa pili, kwa kuwa mara nyingi hana kupooza, ndiye hupelekwa wodi ya magonjwa ya akili kimakosa. Lakini wagonjwa wengi hawakai vizuri ndani ya sanduku lolote, na muuguzi wa usiku hawezi kufanya chochote na neno "Broca". Ripoti yangu ningetaka isomeke hivi: "Anaelewa sentensi fupi za jambo moja. Ndiyo na hapana za mdomo haziaminiki, jozi 4 kati ya 10. Kwa kadi, jozi 9 kati ya 10. Hutaja vitu akipewa silabi mbili za mwanzo. Asitiwe saini ya ridhaa kwa kutikisa kichwa. Atumie kadi na picha, na maswali yageuzwe kwa kuthibitisha." Andika pia saa, hali ya uchovu, miwani, kifaa cha kusikia, lugha iliyotumika, na nani alikuwepo.

Siku za kwanza baada ya kiharusi usipime zaidi ya dakika 15 au 20 kwa kikao, na usitoe utabiri kwa matokeo ya siku hizo, kwa kuwa afasia hubadilika kwa kasi katika wiki za mwanzo na nafuu kubwa zaidi kwa kawaida huonekana ndani ya miezi mitatu. Tathmini kamili ifanywe hali ikitulia, ikiwezekana kwa vikao viwili. Ukirudia kupima, tumia kanuni zilezile na picha zilezile za maelezo, lakini orodha ya majina iwe na maneno ambayo hayakufanyiwa mazoezi pamoja na yaliyofanyiwa, kila kundi likihesabiwa peke yake.